Daktari kwa Simu na Amana ya Mgonjwa

Mwaka 2016 majirani zetu wa Rwanda walianzishiwa huduma iliyoitwa Babyl. Mgonjwa alipiga namba fupi kwa simu ya kawaida isiyo na intaneti, akapangiwa miadi, kisha muuguzi au daktari akampigia. Namba ya kuchukulia dawa ikamfikia kwa ujumbe mfupi. Kwa mwenye vipele au mafua yasiyokwisha, nauli na foleni ya kutwa viliepukika, na mwanamke aonaye haya kutaja maradhi yake mbele ya umati akapata sitara. (Mtoto anayehema kwa shida, au mjamzito atokwaye damu, hangojei simu ya mtu, hukimbizwa hospitali.)

Mwaka 2023 kampuni mama, Babylon ya London, ilifilisika, na huduma ya Rwanda ikafungwa. Hapo ndipo penye mushkili. Siri ya mgonjwa ni amana. Basi aliyekabidhiwa akianguka, anairithi nani? Serikali zinazokaribisha huduma hizi ziyaandike hayo katika mkataba kabla ya mgonjwa wa kwanza kupiga simu: kumbukumbu zitahifadhiwa wapi, na mwenye dawa za kila mwezi atahamishiwa kwa tabibu gani.