Ni Nani Ashikaye Mfuko? Vyuo Vikuu na Fanani wa Eastlands

Wahakiki wa fasihi simulizi wamekubaliana kwa muda mrefu kwamba fanani na hadhira hawatenganishwi. Kazi huzaliwa baina yao. Lakini mhakiki huyo huyo akishapanda matatu ya Dandora au Kariobangi, kinasa sauti mkononi, fanani humgeukia kuwa "mtoa habari". Jina lake hupotea, au hubaki herufi mbili katika kiambatisho cha tasnifu. Malipo yake ni soda. Enzi za ukoloni zilikuwa na aibu zake, ila hata wakati huo Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyewanakilia tendi akina Alice Werner na William Hichens, hakufichwa jina. Kijana wa Eastlands hajafikishwa hapo. Tatizo hili huitwa la maadili ya utafiti. Kwa hakika ni la bajeti. Ambaye hakutengewa fungu hawezi kuitwa mtunzi.

Sheng inatosha kuwa ushahidi. Msimbo huu uliokua Eastlands tangu miaka ya 1970 umewapa wasomi mada, makala na vyeo. Katika miaka ya 1990 Kalamashaka walichomoza Dandora wakighani kwa Kiswahili na Sheng, nao wasomi wakapata ushairi mpya wa kuchambua. Ni vigumu kuonyesha kilichotoka idarani kikarudi Dandora.

Si kwamba njia haikuwahi kupitwa. Mwaka 1974 Idara ya Fasihi ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilianzisha kikundi cha maigizo cha kusafiri kilichoonyesha michezo bila kiingilio. Heshima yake isipunguzwe. Hata hivyo, umma ulialikwa kutazama tu. Kamiriithu, Limuru, mambo yalikuwa mengine. Mwaka 1977 wakulima na wafanyakazi walilisahihisha andiko la *Ngaahika Ndeenda* la Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, wakajenga ukumbi kwa mikono na michango yao. Serikali ilifuta kibali mwaka huo huo, na mwaka 1982 ikaubomoa ukumbi. Kinachosahauliwa katika sifa za Kamiriithu ni kwamba wanakijiji walithubutu kumsahihisha profesa kwa kuwa jukwaa lilikuwa lao.

Leo mradi huwasili mtaani mada ikiwa imekwisha kuchaguliwa: amani kabla ya uchaguzi, ukimwi, mabadiliko ya tabianchi. Vikundi vya maigizo vimejifunza lahaja ya mfadhili kwa ufasaha wa kusikitisha. Chuo hutia saini kama "mshirika", kikachukua ripoti.

Watetezi wa hali iliyopo husema fedha hazipo. Kweli, Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 iliunda Mfuko wa Taifa wa Utafiti kwa lengo la asilimia 2 ya pato la taifa, na lengo hilo halijafikiwa. Lakini maktaba za Kaloleni na Makadara, matawi ya McMillan, zilikarabatiwa na Book Bunk, shirika lililoanzishwa mwaka 2017 na wanawake wawili wasio na seneti wala mkuu wa kitivo. Idara za fasihi zilikuwa na miongo kadhaa ya kulifikiria jambo hilo.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: kwamba huu ni ustawi wa jamii, si uhakiki. Kinyume chake, uhakiki wenyewe ndio unaoharibika. Sheng hubadilika upesi, na neno la Buruburu huenda lisiwe na maana ile ile Korogocho. Tasnifu hulikausha neno, ikalifasiri, na mtahini asiyeishi huko akaipitisha. Anayeweza kuikosoa fasiri hiyo hajapewa nakala.

Basi idara itenge fungu la ujira wa fanani, kama inavyotenga la usafiri na uchapaji. Matini ibebe jina la mtunzi wake. Kanda zihifadhiwe Kaloleni, zisikilizwe huko. Kabla ya utetezi, sura inayohusu mtaa isomwe mtaani, na anayeisahihisha alipwe kama mtahini. Seneti zitauliza hati ya malipo itiwe saini na nani. Eastlands ina vikundi vilivyosajiliwa, vyenye wenyeviti, waweka hazina na akaunti za benki. Saini ya pili iwe yao.