Ukificha Jina, Maandishi Yako Yatakutaja

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.



Katika zama hizi makundi ya WhatsApp yamekuwa ndiyo baraza zetu. Humo tunapeana salamu, taarifa za misiba na harusi, na michango ya madrasa. Lakini humo humo wamo wanaojificha. Kijana hufungua akaunti kwa jina la kubuni na picha ya waridi, kisha humtukana mwenzake, humsema binti wa watu au huwakejeli wakubwa. Anaamini kuwa maadamu jina lake halionekani, basi na yeye haonekani. Je, ni kweli? Sisi tunasema si kweli. Na tunasema pia kwamba anayedhani amemtambua mtu huyo naye ana mtihani wake, na pengine mtihani wake ni mzito zaidi.

KILA MTU ANA ALAMA YAKE

Hebu tazameni ujumbe mnaopokea kila siku. Yupo anayeandika "Inshallah", yupo wa "Insha'Allah", na yupo wa "In shaa Allah". Mmoja huandika "sijui", mwingine "cjui". Mmoja "sasa", mwingine "xaxa". Mmoja "tutaonana", mwingine "2taonana". Ufupisho huu ulishika kasi wakati ujumbe mmoja wa simu ulikuwa na nafasi ya herufi 160 tu na kila ujumbe una gharama yake. Leo nafasi ipo tele, lakini mazoea yamebaki. Yupo anayeacha herufi "h" akaandika "uyu" na "apana". Yupo anayeweka nukta tano kila mwisho wa sentensi. Mtu wa Mombasa huuliza "watoka wapi?" pale ambapo wengi wa Dar es Salaam wangeuliza "unatoka wapi?"

Alama hizi mtu hazichagui. Ndiyo maana anapojificha hukumbuka kubadili jina na picha, akasahau kubadili nukta zake. Wataalamu wanaochunguza maandishi hawaangalii sana maneno makubwa, kwa sababu hayo mtu huyafikiria kabla ya kuyaandika. Wao huhesabu yale madogo madogo, mfano wa "na", "lakini", "yaani" na "kwa hiyo", ambayo kalamu huyatoa yenyewe.

Marekani kulikuwa na mtu, Ted Kaczynski, aliyetega na kutuma mabomu, mengi kwa njia ya posta, kuanzia mwaka 1978 hadi 1995, akaua watu 3 na kujeruhi 23. Kwa miaka yote hiyo hakujulikana. Mwaka 1995 magazeti yalichapisha andiko lake refu lisilo na jina. Ndugu yake, David, alipolisoma aliona humo fikra na misemo aliyoizoea katika barua za kaka yake. Upo msemo wa Kiingereza kwamba huwezi kuwa na keki yako na papo hapo ukaila. Watu wengi hutanguliza kuwa nayo, ndipo kuila. Mwandishi huyu alitanguliza kuila, na hivyo hivyo ndivyo alivyokuwa akiandika katika barua za nyumbani. Aprili 1996 alikamatwa. Mtu aliyeshindikana kwa miaka 17 alitambuliwa kwa maandishi yake, tena na ndugu wa damu.

Kwetu Waislamu jambo hili si geni. Katika Suratu Muhammad, aya ya 30, Mwenyezi Mungu (S.W.) anamweleza Mtume wake kuwa wanafiki watatambulikana kwa namna ya usemaji wao. Na maulamaa wa hadithi, pamoja na kuchunguza wapokezi, walitazama pia matamko yenyewe. Aliyezama katika maneno ya Mtume (S.A.W.) kwa miaka mingi huweza kuhisi kuwa tamko dhaifu la kuzushwa halikutoka kinywani mwake.

LAKINI KUFANANA SI USHAHIDI

Hapa ndipo tunapowaomba wazazi watusikilize vizuri. Tumeshuhudia katika kundi moja la wazazi matusi yakitumwa na namba isiyojulikana. Mmoja akasema, "Huyu ni mtoto wa fulani, hiyo xaxa yake naijua." Wengine wakaitikia. Yule mtoto akaona haya, akaacha kuhudhuria darasa kwa wiki tatu. Na wala si yeye aliyeandika. Aliyeandika ni rafiki yake, na marafiki hao walikuwa wakiandika namna moja kwa sababu ni marafiki. Vijana huambukizana maandishi kama wanavyoambukizana mtindo wa kunyoa.

Hata kwa Kaczynski, ule mfanano wa maandishi haukuwa hukumu. Ulikuwa sababu ya kwenda kuipekua nyumba yake, na humo ndimo vilimopatikana vitu vya kutengenezea mabomu. Isitoshe, tangu mwishoni mwa 2022 zimeenea programu za kompyuta zinazoweza kuandika zikiiga mtindo wa mtu. Anayetaka kumsingizia mwenzako leo ana wepesi ambao hakuwa nao zamani.

Suratul Hujurat imetuwekea mipaka miwili. Aya ya 6 inatuamrisha kuhakikisha habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Aya ya 12 inatukataza dhana mbaya, kupelelezana na kusengenyana. Kwa hiyo ukihisi umemtambua mtu, usimtaje mbele ya kundi. Mwite faragha au mwendee mzazi wake, uliza kwa upole, na ukubali kuwa huenda umekosea. Ikiwa ni matusi mazito au vitisho, hifadhi ujumbe huo na uupeleke kwa wahusika. Tanzania inayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na uchunguzi ni kazi ya wenye mamlaka hayo.

FAIDA YAKE NYUMBANI

Elimu hii inayo matumizi ya kheri. Matapeli huteka akaunti ya mtu kisha wakawaomba jamaa zake pesa, na wengine hutuma ule ujumbe maarufu wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Mama ambaye mwanawe hakuwahi kumwandikia bila kuanza na "Shikamoo mama", akipata ujumbe unaoanza na "Nitumie haraka", na ashituke. Asitume kitu mpaka ampigie na kuisikia sauti yake, na aulize jambo wanalolijua wao wawili tu. Hapa dhana haimdhuru mtu, maana kinachofanyika ni kupiga simu.

Wanafunzi wetu wapenzi, msisome makala haya ili mjue namna ya kubadili nukta na herufi mjifiche vizuri zaidi. Anayefaulu kuwaficha walimu, wazazi na wataalamu bado anao waandishi wawili wasiohitaji kuhesabu maneno yake ili wamjue. Suratu Qaf, aya ya 18, inatufundisha kuwa hakuna neno analotamka mtu ila yupo mwangalizi aliye tayari. Na kidole kinachoandika kina hukumu ya ulimi unaosema. Kabla hujatuma, jiulize: ningeliweka jina langu na la baba yangu chini ya maneno haya? Ukiona haya, futa.

Tunamuomba Allah (S.W.) azihifadhi ndimi zetu na kalamu zetu, na atuepushe na kuwadhulumu waja wake kwa dhana. Amin.

Wabillahi tawfiq.