Wazee wetu na kuanguka: Wema wetu usiwafunge miguu

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Ahali zake, Masahaba zake na kila mwenye kufuata mwongozo wao hadi Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, upo msiba unaopita majumbani mwetu bila ya kupigiwa mbiu. Bibi huteleza bafuni akitia udhu wa Alfajiri. Babu hujikwaa kwenye ukingo wa mkeka akielekea chooni usiku. Akiinuka salama tunasema "Alhamdulillahi" na kadhia inakwisha hapo. Akivunjika nyonga tunasema ni kadari ya Mwenyezi Mungu, na uzee ndio huo. Kauli zote mbili ni za kweli, lakini zote mbili tumezigeuza kuwa mto wa kulalia.

Lipo na jambo la tatu, nalo ni zito zaidi kwa kuwa limevaa joho la wema. Mzee akishaanguka mara moja, tunamkalisha. Maji analetewa, chakula analetewa, msikitini haendi tena, na kila akijaribu kuinuka sauti hutoka pembeni: "Keti mama, usijisumbue." Tunadhani tumemlinda. Utafiti wa wataalamu wa utengamao, yaani tiba ya kumrudishia mtu uwezo wa kujimudu, unatwambia kinyume chake: kumkalisha mzee anayeweza kutembea ni kumwandalia anguko la pili.

Ukubwa wa jambo

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu 684,000 hufariki kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Mbali ya hao, watu zaidi ya milioni 37 huumia kila mwaka kiasi cha kuhitaji matibabu. Katika watu waliovuka umri wa miaka 65, takriban mmoja katika kila watatu huanguka angalau mara moja kwa mwaka. Hapa kwetu Tanzania, Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu wenye umri wa miaka 60 na zaidi wapatao milioni 3.5. Basi hili si jambo la nyumba moja wala la mtaa mmoja.

Na dhara la kuanguka haliishii kwenye mfupa. Mzee aliyeanguka huingiwa na hofu. Hofu humfanya atembee kidogo, kutembea kidogo humpunguzia nguvu za miguu, na upungufu huo humrudisha chini. Wengi huficha kuwa wameanguka, kwa sababu wanajua wakisema watazuiwa kutoka. Nyumba ambayo mzee anaogopa kusema kuwa ameanguka, inafaa ijihoji.

Kadari haizuii kuchukua sababu

Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) alipokuwa njiani kwenda Shamu na kupata habari ya tauni, aliamua kurejea. Abu Ubayda (R.A.) akamhoji iwapo anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamjibu kwa maana kwamba wanaitoka kadari ya Mwenyezi Mungu na kuiendea kadari yake nyingine. Kisa hiki kimo katika Sahihi Bukhari na Sahihi Muslim, na ndani yake mna jibu kwa kila anayekaa kimya mbele ya sakafu yenye utelezi kwa kisingizio cha kadari. Sakafu iliyokaushwa nayo ni kadari. Taa iliyowashwa nayo ni kadari.

Ama uzee, Qur'ani haikuuficha. Katika Suratur Rum, aya ya 54, Mwenyezi Mungu anatukumbusha kuwa ametuumba katika udhaifu, kisha akatupa nguvu, kisha baada ya nguvu akajaalia udhaifu na mvi. Nabii Zakariya (A.S.), katika Surat Maryam, aya ya 4, alimlalamikia Mola wake udhaifu wa mifupa yake, na wala hakuacha kuomba wala kusimama katika mihrabu. Udhaifu wa uzee ni haki, lakini haukuwa ruhusa ya kumwacha mzee aporomoke zaidi ya alivyokadiriwa na umri wake.

Mwili husimamaje?

Kusimama wima ni neema tusiyoihesabu mpaka itutoke. Mwili hupata mizani yake kwa kutegemea mambo matatu: macho yanayoona njia, sikio la ndani linalohisi kichwa kimeelemea wapi, na nyayo na viungo vinavyohisi ardhi. Ubongo hukusanya habari hizo zote na kuiamrisha misuli ya miguu na kiuno ijibu kwa wakati. Mtoto wa jicho huharibu la kwanza. Kisukari cha muda mrefu hutia ganzi nyayo na kuharibu la tatu. Dawa za usingizi, na wakati mwingine dawa za shinikizo la damu, huleta kizunguzungu mtu anapoinuka ghafla. Misuli isiyotumika nayo hunyauka, na kwa mzee hunyauka upesi zaidi kuliko kwa kijana.

Mengi katika hayo yana tiba au yana njia ya kupunguzwa. Misuli ya mtu wa miaka 80 bado hujibu mazoezi. Huko Nyuzilandi, watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago waliwafundisha wanawake wenye umri wa miaka 80 na zaidi mazoezi ya nguvu na mizani ya kufanya nyumbani mwao, pamoja na kutembea. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1997 yalionyesha kuwa waliofanya mazoezi walianguka mara chache kuliko wenzao. Mwaka 2019 wanazuoni wa tiba wa mtandao wa Cochrane walikusanya tafiti 108 zilizohusisha watu zaidi ya 23,000, wenye umri wa wastani wa miaka 76. Walikuta kuwa mazoezi hupunguza idadi ya maanguko kwa takriban asilimia 23. Pale mazoezi ya mizani yalipochanganywa na ya kuimarisha misuli, upungufu ulifikia takriban asilimia 34.

Mazoezi hayo hayahitaji mashine. Ni kuinuka kitini na kukaa tena mara kadhaa pasi na kujisukuma kwa mikono, kusimama kwa ncha za vidole huku ameshika meza nzito, kutembea ubavuubavu kando ya ukuta, na kusimama mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa kidole. WHO inapendekeza wazee wafanye mazoezi ya aina hii siku tatu au zaidi kwa wiki. Mwanzoni asimame nao mtu mzima mwenye nguvu. Mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye kizunguzungu au aliyekwisha kuanguka aonwe kwanza na daktari au mtaalamu wa tiba ya viungo.

Swala, fimbo na kiti

Huenda msomaji akasema: "Sisi tuna swala, yatosha." Ni kweli kuwa kusimama, kurukuu, kusujudu na kuinuka huichezesha miguu na kiuno mara nyingi kwa siku. Lakini tusiifanye ibada kuwa kiwanja cha mazoezi, wala tusidai kuwa anayeswali haanguki. Swala tunaiswali kwa kuwa tumeamrishwa. Faida yake mwilini ni ziada, wala haiondoi haja ya tiba.

Upo wasia wa Mtume (S.A.W.) kwa Imran bin Huswayn (R.A.), uliopokewa na Bukhari, kwamba mtu aswali kwa kusimama, asipoweza aswali kwa kukaa, na asipoweza aswali kwa ubavu. Wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii, yanayofuatwa na wengi katika mwambao wetu, walitaja hata msafiri wa chomboni anayechelea kuzama au kupatwa na kizunguzungu akisimama, wakamruhusu aswali faradhi kwa kukaa. Basi mzee anayechelea kuanguka asione haya kukaa. Dini imemtangulia kwa huruma. Wala asikimbilie kiti kwa uchovu mdogo tu. Anayeweza kusimama asimame, kwa sababu kusimama ni nguzo ya swala ya faradhi, na pia kwa sababu mguu usiosimama husahau kusimama.

Kati ya kusimama na kukaa kuna njia ambayo wengi wameisahau. Abu Daud amepokea kutoka kwa Ummu Qays bint Mihswan (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alipoingia umri na mwili wake kuwa mzito, alijiwekea nguzo mahali pake pa kuswalia akawa anaiegemea. Itazame Sunna hii, ewe ndugu yangu. Mbora wa viumbe hakuona aibu kuegemea. Nabii Musa (A.S.) naye, alipoulizwa na Mola wake juu ya kilichomo mkononi mwake, kama ilivyo katika Surat Twaha, aya ya 17 na 18, alianza kwa kusema kuwa ni fimbo yake anayoiegemea. Vipi basi babu akatae mkongojo kwa kuchelea kuitwa kikongwe, na vipi vijana wamcheke akiushika?

Tufanye nini?

Kwanza, nyumbani. Tupite kila njia anayopita mzee, hasa baina ya kitanda na choo. Mkeka uliokunjamana uondolewe au ubanwe. Bafuni pawekwe cha kushikilia kilichofungwa imara ukutani, na maji yakaushwe. Iwepo taa au tochi karibu na mkono wake. Kandambili zilizolika zitupwe, apewe viatu vinavyobana kisigino. Kanzu au kanga inayoburura ipunguzwe. Akiamka usiku, akae kwanza ukingoni mwa kitanda kabla ya kuinuka. Ama udhu, akalishwe kwenye kigoda imara aoshe miguu yake. Kuinua mguu kwenye sinki huku umesimama kwa mguu mmoja juu ya sakafu yenye maji ni hatari hata kwa kijana.

Pili, tumpime. Akae kitini, ainuke, atembee mita tatu kwa mwendo wake wa kawaida, ageuke, arudi akae. Asimamiwe karibu na mtu wa kumdaka. Akichukua sekunde 12 au zaidi, hiyo ni dalili ya kumpeleka kwa wataalamu. Aende na dawa zake zote zikaangaliwe, na macho yake yapimwe. Asiachishwe dawa yoyote kienyeji.

Tatu, akianguka tusimvute juu kwa pupa. Aulizwe panapomuuma. Akishindwa kukanyaga, au mguu mmoja ukionekana mfupi na umegeukia nje, asikandwe wala asinyooshwe. Apelekwe hospitali, kwani huenda nyonga imevunjika.

Nne, misikiti yetu. Kamati nyingi hukusanya fedha kwa ajili ya marumaru zinazong'aa na minara mirefu. Ni kheri, lakini marumaru hiyo hiyo ikiwa na maji hapo pa kutawadhia ni mtego kwa mzee. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kuondoa kinachoudhi njiani ni sehemu ya imani. Ni njia gani iliyo bora kuliko njia ya msikitini? Tuweke sakafu isiyoteleza, vyuma vya kushikilia kwenye ngazi, viti vya kutilia udhu na mwanga wa kutosha Alfajiri na Isha. Huenda gharama yake isifikie hata ile ya zulia moja.

Wajibu usiotumwa kwa simu

Katika Suratul Israa, aya ya 23 na 24, Mwenyezi Mungu ameunganisha kuabudiwa kwake na wema kwa wazazi, akatutaka tuwainamishie bawa la unyenyekevu kwa huruma. Wengi wetu tunautekeleza wema huo kwa kutuma pesa, na pesa inahitajika. Lakini pesa haimshiki mama mkono akijifunza kuinuka tena. Mara nyingi kazi hiyo huangukia binti mmoja au mke wa mwana mmoja, na wengine huja siku ya maziko. Ndugu wagawane siku. Anayeishi mbali agharamie vyuma vya bafuni na nauli ya kumpeleka kwa mtaalamu, na anayeishi karibu atoe nusu saa ya kutembea naye baada ya Alasiri.

Huruma ya kweli si kumfanyia mzee kila kitu hadi asiweze lolote. Ni kumwachia analoliweza na kusimama karibu naye. Apete mchele wake, amwagilie mchicha wake, aende msikitini kwa miguu yake, mkono wako ukiwa chini ya kwapa lake. Ukimsaidia atembee, umemsaidia aifikie ibada yake, amtembelee mgonjwa, awaone rafiki zake waliobaki. Ukimkalisha, umemnyima hayo yote huku ukidhani unamhurumia.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awape wazee wetu afya na thabati ya miguu duniani, na awathibitishie nyayo zao juu ya Swirati Siku ya Kiyama, nasi pamoja nao. Amin.

Wabillahi tawfiq.