Maua ya rangi yanataka mwanga gani?



Juma hili tuongee juu ya maua ya vyungu, yale tunayoyapenda kwa rangi ya majani yake. Krotoni yangu ilitoka katika tawi nililokata kwenye kiwanja cha marehemu mama, siku chache kabla nyumba haijauzwa. Niliotesha tawi hilo katika bidoni iliyokatwa, likashika. Kwa heshima nikaiweka krotoni ndani, kando ya picha ya mama. Baada ya miezi michache, majani mapya yakatoka kijani tupu. Nikaogopa, nikaitoa nje juani kutwa nzima. Siku ya tatu majani yalikuwa na madoa meupe, kama yaliyomwagiwa maji ya moto, na mengi yakaanguka. Karibu nipoteze kitu cha mwisho kutoka kwa mama.

Kumbe nilikosea mara mbili. Kijani cha jani ndicho kinachotengeneza chakula cha mmea. Krotoni ikikaa gizani inaongeza kijani ili ipate kushiba, na rangi nyekundu na ya manjano zinafifia. Na jani lililoota kivulini halijazoea jua. Ukilitoa ghafla, linaungua.

Lakini si kila ua linataka jua kama krotoni. Mnajua majani makubwa tunayofungia liboke? Mengi ni ya ukoo mmoja na kalatea, ile yenye mistari juu na wekundu chini ya jani. Ukoo huo umezoea kukaa chini ya miti ya pori, ambako jua linafika kidogo sana. Kalatea ikae ndani, karibu na dirisha, bila kuguswa na jua la mchana. Kaladiumu inataka mwanga mwingi zaidi, lakini wa kivulini: barazani panaifaa. Krotoni inapenda jua la asubuhi, saa tatu au nne hivi kila siku.

Sasa, dirisha gani? Vitabu vya Ulaya vinasifu dirisha la kusini. Kwetu Kisangani shauri hilo halitufai. Tuko karibu kilomita 60 tu kaskazini mwa ikweta, na saa sita mchana jua linakaa karibu juu ya kichwa. Kwa aliye Makiso, kusini ni upande wa Lubunga: dirisha la huko linapata jua kidogo kuanzia mwisho wa Septemba hadi Machi, kisha ni zamu ya dirisha la kaskazini. Tena bati lililotokeza nje ya ukuta linazuia sehemu kubwa ya jua hilo. Kwa hiyo angalieni mashariki na magharibi. Jua la mashariki ni la upole. La magharibi, kuanzia saa nane, linachoma.

Kipimo hakiombi pesa. Saa sita mchana, nyosha mkono juu ya ua, kama urefu wa kiwiko hadi vidole. Kivuli kikionekana wazi na vidole vyote, mwanga ni mkali: weka krotoni. Kikiwa hafifu, weka kaladiumu au kalatea. Usipoona kivuli, hapo ni giza. Hakuna ua la rangi litakalopona.

Ukitaka kuhamisha ua, lizoeshe. Siku za kwanza lipe jua la asubuhi saa moja tu, kisha uongeze kidogo kidogo kwa majuma mawili. Geuza chungu kila juma lisiinamie upande mmoja. Na futa majani kwa kitambaa chenye maji, maana vumbi la barabara zetu nalo linazuia mwanga.

Neno moja kwa wenye watoto wadogo: utomvu wa kaladiumu unachoma na kuvimbisha mdomo, na wa krotoni unawasha ngozi. Mkivileta vyungu barazani, viwekeni juu, mahali mkono wa mtoto haufiki.

Krotoni yangu sasa iko upande wa mashariki wa baraza. Majani matatu ya juu yana mishipa myekundu, kama yale ya kwa mama. Ikishika nguvu nitaikata matawi. Dada zangu wawili wameshaomba, kila mmoja lake.

Tuonane juma lijalo.