Panya wa SUA na kijana anayependa kuku

UKIMTAJA panya mbele ya mkulima wa mahindi wa Morogoro, hatakuchekea. Ndiye anayefukua mbegu kabla haijaota, kisha anarudi kumaliza kilichobaki ghalani. Lakini katika mji huo huo, chini ya Milima ya Uluguru, panya amewapa watu ajira.

Mwanzo wake ni mapenzi ya mtoto. Bart Weetjens, raia wa Ubelgiji, alifuga panya na jamaa zao tangu utotoni, na watoto waliozaliwa akawauza madukani. Ukubwani, akitafuta njia ya kusaka mabomu ya kutegwa ardhini, alikumbuka jinsi wanyama wake walivyokuwa hodari wa kunusa. Mwaka 1997 wazo hilo lilianza kufanyiwa kazi huko Ubelgiji kupitia shirika la APOPO, na mwaka 2000 likaletwa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA).

Hapo panya buku hufundishwa kwa takriban miezi tisa kunusa baruti. Akipatia, husikia mlio mdogo, kisha hupewa ndizi au karanga. Kwa kuwa ni mwepesi, hupita juu ya bomu bila kulilipua. Magawa, aliyefunzwa Morogoro na kupelekwa Kambodia mwaka 2016, aligundua mabomu ya ardhini zaidi ya 70 na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza. Wenzake hunusa makohozi kubaini kifua kikuu.

Tunayasema haya kwa sababu wapo wazazi wanaoona kijana anayependa kuku, nyuki au miche ya viungo amepotea njia, wakamtaka akae akisubiri kazi ya ofisini. Hatukubaliani nao. Wala hatukubaliani na wanaowaambia vijana kwamba wapende tu, fedha zitakuja zenyewe. Hakuna aliyetoa fedha kwa sababu Mbelgiji yule anapenda panya. Zilitolewa kwa sababu kulikuwa na mashamba yasiyolimika kwa hofu ya mabomu. Na ilichukua miaka, huku kuna mtu anaosha mabanda kila asubuhi (sehemu ambayo wapenzi wengi wa mifugo huikimbia).

Kijana wa Mgeta anayependa bustani aanze kuuliza nani atanunua kabichi yake, mwezi gani soko hujaa, na gunia linafika mjini kwa nauli kiasi gani. Mzazi naye asimpe maneno tu. Ampe robo eka, misimu miwili na daftari la mapato na matumizi, na asiingize mkono humo. Baada ya msimu wa pili wakae pamoja, wafungue daftari, waamue kama anastahili robo nyingine.