Una vyumba vya kupangisha? Uliza kwanza kuhusu fujo

Hapa Soweto wenye nyumba wengi wamejenga vyumba vya uani vya kupangisha. Bima ya kawaida hulipa moto na dhoruba, ila fujo haigusi. Baada ya ghasia za 1976 zilizoanzia hapa hapa, kampuni za bima ziligoma kubeba hatari hiyo, ndipo 1979 ikaundwa Sasria, leo mali ya serikali. Fujo za Julai 2021 ziliigharimu zaidi ya randi bilioni 30. Asiyekuwa na kinga hiyo alibaki na hasara yake.

Maoni yangu: nyie mnaojenga vyumba vya wapangaji huko, msikate bima kwa kuangalia bei tu. Muulizeni wakala: fujo zikitokea, nani analipa? Jibu liwe kwenye karatasi. Haya, wasalimieni wote.