Oratorio Si Opera Iliyokosa Mavazi

Wapo waongozaji wa maigizo wanaodai kwamba oratorio za Handel ni opera zilizonyimwa jukwaa, na kwamba kuzivisha mavazi leo ni kuzirejeshea haki yao. Dai hili ni tamu masikioni, lakini halina mashiko.

Ni kweli kwamba Esther ilipoimbwa King's Theatre, London, mwaka 1732, iliimbwa bila ya maigizo, na yasemekana Askofu Edmund Gibson ndiye aliyekataza kisa cha Biblia kuigizwa. Lakini kilichoanza kwa katazo kilikuja kuwa sanaa yenye kanuni zake. Saul, ya mwaka 1739, ni shahidi. Mfalme Sauli, ambaye Waislamu humwita Taluti, anamwonea wivu Daudi, kijana aliyemuua Goliathi. Anaimba kwa ghadhabu, na kabla wimbo haujatimia Handel anaukata: mkuki umekwisha kurushwa. Mkuki wenyewe haupo. Lipo sikio linaloshtuka. Waongozaji hushikilia kwamba Charles Jennens, mtunzi wa maneno, aliandika maelekezo ya jukwaani. Aliyaandika, naam, nayo yalichapishwa katika vitabu walivyouziwa wasikilizaji, wavisome na kuona kwa jicho la moyo.

Hasara kubwa zaidi inaipata kwaya. Sehemu ya pili inafunguliwa na kwaya inayoukaripia Wivu na kuuamuru ujifiche gizani. Hapo waimbaji hawamo tena ndani ya kisa, wanakihukumu. Na kwa kuwa sauti hiyo haina uso wala vazi, kila msikilizaji hulazimika kujiuliza ni wivu wa nani unaokaripiwa. Barrie Kosky alipoipandisha Saul jukwaani Glyndebourne mwaka 2015, kwaya ilivishwa mavazi ya kifahari na kutiwa katika mchezo. Kazi ile ilisifiwa, na kwa ufundi ilistahiki. Lakini shahidi akishafanywa mshiriki, ushahidi wake hupungua uzito. Mtazamaji humsikitikia mfalme aliyerukwa na akili, kisha huenda zake bila ya kuikagua nafsi yake.

Anayetaka opera, Handel ameacha zaidi ya 40, Giulio Cesare na Alcina zikiwemo. Azichukue hizo, azivishe apendavyo. Saul iachiwe waimbaji wasimame wima, vitabu mkononi, wamwelekee msikilizaji, asipate pa kujificha.